Bandari Bubu ni Ipi?

Katika lugha ya maofisa wa bandari, forodha na polisi kuna jina lililozoeleka hata halimshtui tena msikilizaji: bandari bubu. Hupewa kila ufuko ambapo vyombo hutia na kung'oa nanga pasipo ofisi, mizani wala bendera. Kipumbwi imepata kuitwa hivyo. Fukwe za jirani zake, kutoka Ushongo hadi Mkwaja, zimeitwa hivyo. Jina limeenea magazetini na katika hotuba, na hata washairi, watu ambao kazi yao ni kulipima kila neno kabla ya kulitamka, wamelipokea bila ya kuuliza lilizaliwa wapi na linamtumikia nani. Neno likishapita bila ya kuulizwa huwa hukumu. Na hukumu hii imewashukia watu ambao hawakupata kuitwa barazani kujitetea.

Ushongo ni kijiji cha wavuvi wilayani Pangani, kusini ya mto. Kwa miaka mingi aliyetoka Pangani mjini alivuka kwa pantoni hadi Bweni, kisha akafuata njia ya minazi na mikonge mpaka akalikuta tena bahari la Hindi likimngoja. Mbele ya kijiji, maji yakipwa, huonekana fungu la mchanga liitwalo Maziwe. Wazee wanalikumbuka Maziwe likiwa kisiwa chenye mivinje, ambako kasa walipanda kutaga. Mwaka 1975 lilitangazwa kuwa hifadhi. Haikufika katikati ya miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha kuliwa na bahari, na leo ni mchanga mtupu unaozama kila maji yanapojaa. Watu wa Ushongo, basi, wanajua vyema kwamba kitu kinaweza kuandikwa katika vitabu vya serikali na bado kikatoweka machoni.

Kutoka ufuko huo hadi Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, hazifiki kilomita 50. Mwenye tanga zuri, kaskazi ikivuma, hulala njiani usiku mmoja tu. Huondoka na umande, upepo wa nchi kavu, bahari ikiwa imetulia, na alfajiri akaiona pwani ya Unguja. Lakini mtu huyo huyo akitaka kusafiri kama vitabu vinavyomtaka, ataupa mgongo mji anaouendea. Atapanda gari hadi Tanga, ashuke Segera na Chalinze, amalize takribani kilomita 400 za barabara, kisha pale Dar es Salaam akate tiketi ya meli na kuvuka kilomita nyingine 70 za maji ili afike Unguja; na kama ana jamaa Mkokotoni au Nungwi, itambidi apande gari tena, arudi kaskazini. Ni sawa na kumwambia mtu kwamba ruhusa ya kumjulia hali jirani anayepakana naye ukuta hutolewa mtaa wa saba.

Njia hiyo ndefu ndiyo iitwayo njia halali, kwa kuwa inapita katika miji mikuu. Kwa miongo kadhaa Unguja na Dar es Salaam ziliunganishwa na meli ya usiku, na wengi wa visiwani wanaikumbuka. Iling'oa nanga baada ya isha. Abiria walitandika magodoro na mikeka, wengine wakalala juu ya mizigo yao. Masafa yenyewe yalikuwa ya saa chache, lakini meli haikuwa na haraka, kwa sababu ofisi za upande wa pili zilifunguliwa asubuhi. Ikafika mbele ya mlango wa bandari kabla ya alfajiri, ikangoja, na watu mia kadhaa wakangoja pamoja nayo mpaka karani alipoamka. Baadaye zikaja meli kubwa zaidi, zenye milango ya kumeza malori na magari, na safari hiyo ikawa sura ya safari zote. Anayesema leo kwamba "amevuka bahari" hudhaniwa moja kwa moja kuwa amevuka kutoka mji mkuu hadi mji mkuu.

Kuna dhihaka ndani yake ambayo haikupata kutungiwa beti inazostahili. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na mwaka 2018 Bunge likapitisha sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu. Serikali imehama, meli haikuhama, wala haiwezi, maana Dodoma haina hata dau. Hivyo, kwa maandishi, kile kinachoitwa kivuko cha miji mikuu miwili kimebaki na mji mkuu mmoja. Hakuna aliyesikika akidai kwamba gati la Dar es Salaam limekuwa bubu kwa sababu hiyo. Imedhihirika, basi, kwamba haikuwa heshima ya mji mkuu iliyoipa bandari ulimi. Ni mazoea, na ni fedha.

Zaidi ya hayo, ulimi huo hupewa na kunyimwa kwa kumwangalia msafiri. Ufuko wa Ushongo una mahoteli ya wageni, na kwa miaka mingi wageni wamevushwa kwa boti ziendazo kasi kutoka mchangani hapo hadi Nungwi na Kendwa. Mgeni hupandisha suruali hadi magotini, akabebewa begi, na baada ya kiasi cha saa mbili akashuka Unguja. Hapana anayeandika kwamba amepitia bandari bubu. Katika vijitabu vya utalii husemwa kuwa amepata safari ya kukumbukwa. Lakini mama wa kijiji hicho hicho, akiwa na kikapu cha nazi na mbuzi mmoja, akienda harusini kwa dada yake aliyeolewa Mkokotoni, akipanda jahazi Kipumbwi, huyo ni mpenyezaji. Maji ni yale yale, na mchanga ule ule. Kinachotofautiana ni viatu vilivyovuliwa.

Wanaoikingia kifua lugha hii wana hoja, na haki ni kuisikiliza. Wanasema pwani hizi hupitisha sukari na mchele usiolipiwa ushuru, na wakati mwingine binadamu wanaosafirishwa kwa hila na madalali wasio na huruma. Ni kweli. Magendo yapo, na asiyekiri hivyo hajapata kukaa pwani usiku. Lakini hoja hiyo inathibitisha haja ya ofisi, haithibitishi haja ya ukimya. Penye magendo hupelekwa karani, taa na daftari. Hapaachwi gizani kwa miaka hamsini, kisha giza lile likatumiwa kuwa ushahidi dhidi ya wanaoishi ndani yake. Pale serikali ilipoanza kuzirasimisha baadhi ya bandari hizi, ilikiri yenyewe kwamba tatizo halikuwa watu wanaovuka. Tatizo lilikuwa mwandishi asiyekuwapo.

Tena historia haikubali hata kidogo kwamba pwani hii ilizaliwa bila ya ulimi. Pangani ilikuwa mlango wa misafara ya bara, na jahazi zake zikitia nanga Unguja, wakati ambapo Dar es Salaam ilikuwa bado kijiji cha Mzizima. Mji huo ulianza kujengwa na Seyyid Majid katika miaka ya 1860. Aprili 1888 Sultani wa Unguja alitia saini mkataba uliowapa Wajerumani forodha za Mrima. Kiini cha mkataba kilikuwa ushuru: nani akae gatini na kuhesabu. Agosti ya mwaka huo, walipotaka kupandisha bendera ya kampuni yao Pangani, wenyeji walikataa, na vita vikazuka chini ya Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Julai 1890, Waingereza na Wajerumani waliafikiana huko Ulaya: Mrima ubaki kwa huyu, visiwa viwe chini ya ulinzi wa yule. Siku ile mama wa Pangani na dada yake wa Mkokotoni walifanywa wageni bila ya yeyote kati yao kupiga hatua. Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 uliifuta mipaka ile kwenye ramani, lakini njia za meli ziliendelea kuchorwa kama kwamba bado ipo, na kwamba mlango wake uko mmoja tu.

Wapenzi wa ushairi wana sababu ya pekee ya kuijua historia hii. Vita vile havikubaki bila ya mshairi. Hemedi bin Abdallah al-Buhry, mtu wa pwani ya Tanga, aliviandikia utenzi mrefu wa kuingia Wadachi Mrima. Hakuwa akipamba bahari. Alitaja bandari, majina na matukio, kama mtu anayejua kwamba asipoyaandika yeye hayataandikwa na wenye haki nayo. Baadaye akatokea Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Machui, kusini ya Tanga. Ajira yake ya kwanza, mwaka 1926, ilikuwa ya karani wa forodha, na Pangani ilikuwa moja ya vituo vyake. Mtu aliyekuja kuwa fahari ya lugha hii alianza kazi kwa kuhesabu shehena za majahazi. Haikumpunguzia utukufu. Pengine ndiko alikojifunza kwamba kila kitu kinachoingia bandarini kina mwenyewe, na mwenyewe ana jina.

Urithi huo umekwenda wapi? Tungo za bahari hazikukoma, lakini nyingi zimegawanyika makundi mawili, na makundi yote mawili yamemsahau abiria. Kundi la kwanza huisifu meli: chuma, injini, mwendo wa kasi, ishara ya maendeleo. Kundi la pili hulililia jahazi: tanga jeupe, machweo, baharia mwenye mikono migumu, urithi unaopotea. La kwanza linamtaka mtu wa Ushongo aende Dar es Salaam ili astaarabike. La pili linamtaka abaki katika jahazi bovu ili picha isiharibike. Hakuna hata moja linalouliza kama ana jaketi la kujiokolea. Anayelisifu tanga bila ya kuuliza idadi ya waliolala chini yake anafanya kazi ya mchora kadi za posta, hata kama vina na mizani yake vimetimia.

Isidhaniwe kwamba haya ni matetezi ya jahazi dhidi ya meli. Jahazi la Kipumbwi si salama. Mara nyingi hujazwa kupita kiasi, halina redio, na kusi ikichafuka nahodha hutegemea uzoefu na dua. Januari 2017 chombo kilichotoka Tanga kikielekea Pemba kilizama, wakafa zaidi ya watu 10. Anayesema kwamba vifo hivyo ni sehemu ya utamaduni amemkosea utamaduni na amemkosea marehemu. Lakini swali haliwezi kuishia hapo, kwa sababu meli nayo imekwisha kuulizwa, na jibu lake linajulikana visiwani nyumba kwa nyumba.

Usiku wa tarehe 9 Septemba 2011 MV Spice Islander I iliondoka bandari ya mji wa Unguja ikienda Pemba. Haikuwa jahazi, wala haikutoka ufuko wa gizani. Ilikuwa meli ya chuma ya kubebea abiria na magari, iliyoundwa mwaka 1967, na iling'oa nanga katika gati la mji mkuu, penye taa, ofisi, polisi na mizani. Usiku wa manane, tarehe 10, ilizama katika mkondo wa Nungwi, katika maji yale yale ambayo vyombo vya Kipumbwi na Ushongo huyaelekea. Mwanzoni ilitajwa idadi ya abiria mia kadhaa. Tume iliyoundwa baadaye iliona kwamba walikuwa zaidi ya 2,000. Maiti 203 zilipatikana. Waliokufa na waliopotea, kwa hesabu ya tume hiyo, walizidi 1,500. Na miongoni mwa waliowahi kuwaokoa walio hai walikuwa wavuvi wa vyombo vidogo, watu wa fukwe zisizo na bendera.

Haukupita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit, iliyotoka Dar es Salaam kuja Unguja, katika njia yenyewe ya miji mikuu, ilizama karibu na Chumbe.

Kati ya idadi iliyotajwa mwanzo na ile iliyokuja kubainishwa na tume pana shimo, na ndani ya shimo hilo wamelala mamia ya watu ambao bandari haikuwataja. Walipita mbele ya karani, hawakuandikwa. Kulikuwa na daftari, halikusema. Basi na iulizwe bila ya kuogopa: usiku ule bandari iliyokuwa bubu ilikuwa ipi? Kipumbwi, ambako nahodha anamjua kila abiria kwa jina la baba yake, na jahazi lisipofika kijiji kizima kinajua nani hayupo? Au ile yenye mnara na kipaza sauti, iliyotangaza saa ya kuondoka lakini haikuweza kutangaza nani ameondoka?

Tungo za maombolezo zina desturi ya kuilaumu bahari: imemeza, haina huruma, haishibi. Mfiwa ana haki ya kusema lolote, na hapana wa kumkosoa. Lakini mshairi asiyefiwa hana ruhusa hiyo. Bahari haikukata tiketi. Bahari haikupakia watu juu ya magunia mpaka mlango usifungike. Kuilaumu ni kumpa mkosaji mahali pa kujificha, tena mahali pazuri palipopambwa kwa tashihisi.

Misiba ya namna hii haikuzikuta pwani za Afrika Mashariki peke yake. Usiku wa tarehe 28 Septemba 1994 meli ya magari iliyoitwa Estonia, ikitoka Tallinn kwenda Stockholm, mji mkuu kwa mji mkuu, ilizama katika Bahari ya Baltiki. Walikuwamo watu 989. Walikufa 852 na kuokoka 137. Nchi tajiri, meli kubwa, na bado mlango wa mbele uling'oka kwa mawimbi. Utajiri haukuzuia msiba. Lakini tazama hesabu: 852 na 137 ni 989. Inatimia. Kila aliyezama alikuwa na jina, na jamaa zake hawakulazimika kuithibitishia tume kwamba aliwahi kuwapo. Hata hivyo, mwaka 1998 Jumuiya ya Ulaya ilitoa mwongozo kuhusu kuwahesabu na kuwaandikisha abiria wa meli. Somo la Baltiki, basi, ni hili: meli kubwa inaweza kuzama popote, lakini kuzama bila ya jina ni uamuzi wa watu.

Na hapo ndipo hoja yote inapokaa. Kinachoifanya bandari iseme ni orodha ya abiria iliyo kweli. Gati refu bila ya orodha ni bubu. Ufuko wenye mti mmoja, meza moja na daftari la kweli una ulimi. Sheria za usafiri wa majini zipo, na mamlaka zipo, tena mbili: ya Zanzibar inayosimamia upande huu na ya Muungano inayosimamia upande wa bara. Ipo pia Mamlaka ya Hali ya Hewa inayotoa utabiri wa upepo na mawimbi. Linalokosekana ni kwamba vyote hivi vishuke hadi mchangani. Kipumbwi na Ushongo, na Mkokotoni na Nungwi zinazozipokea, zinahitaji mambo ambayo hata nchi masikini inayaweza: karani anayekaa usiku ambapo vyombo huondoka usiku, daftari ambalo nakala yake huvuka kabla ya chombo, majaketi ya kuokolea kwa idadi ya watu, ubao wa hali ya hewa ulioandikwa kwa Kiswahili cha wavuvi, kikomo cha mzigo kilichopigwa rangi ubavuni mwa jahazi, na boti ya kawaida ya abiria, kwa nauli ya mkulima, ili jahazi libaki kuwa chaguo na lisiwe shuruti. Mwenye magendo atayachukia haya yote. Mama mwenye kikapu cha nazi hatayachukia hata moja.

Ipo pia kazi ya wenye kalamu, nayo haingojei bajeti. Kwanza, waliache jina hilo. Kila mara linapoandikwa "bandari bubu" bila ya alama ya kuuliza, kijiji kimoja hunyamazishwa tena. Pwani hizi zina majina: Ushongo, Kipumbwi, Mkwaja. Pili, wawarudishe abiria katika tungo. Si lazima shairi liache machweo, lakini likishayataja, na liwahesabu walio chomboni. Al-Buhry alijua kutaja watu, na Shaaban Robert alijua kuhesabu, na hapana anayesema kwamba hawakuwa washairi. Tatu, waikatae fahari ya meli ya miji mikuu inapogeuzwa kuwa kipimo cha utu: kwamba aliyevuka kwa tiketi ya mji mkuu ni msafiri, na aliyevuka kutoka mchangani ni mtuhumiwa.

Maziwe lilikuwa kisiwa, likawa fungu. Wanaolijua husema kwamba halikutoweka siku moja. Mivinje ilianguka mmoja mmoja, na kila mmoja ulipoanguka palikuwa na mtu aliyedhani iliyobaki inatosha. Ndivyo watu nao wanavyotoweka katika hesabu. Usiku wa leo, upepo ukiruhusu, jahazi litaondoka Kipumbwi na umande, na meli itaondoka mji mkuu na taa zake. Asubuhi vyote viwili vitatarajiwa Unguja. Bandari yenye ulimi ni ile ambayo, kikichelewa kimoja, itaweza kutaja waliomo, mmoja mmoja, kwa majina yao.